Pengo la Tunu

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Moto umeshika?"

"Umeshika."

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa."

"Basi mtu akisikia anaitwa kutoka nje, asiitike mpaka nimalize."

Hapo kale, zamani ambazo ndege na wanyama walisema kama tusemavyo sisi, katika nchi ya mbali ng'ambo ya bahari kuu, korongo mke mmoja alimpondea mtoto wake konokono juu ya jiwe. Akamlisha nyama, akatupa ganda. Kisha akamgeukia mumewe, akamwambia kwamba matete ya kiota ameyalaza vibaya tena. Ncha zilizokatwa zinatazama juu, zitamchoma mtoto tumboni. Mume akasema atayageuza.

Mke akasema, "Umesema hivyo jana."

Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile.

Mume aliitwa Sudi, mke aliitwa Tunu. Walikuwa korongo weupe, warefu kuliko ndege wote wa nchi ile, weusi kwenye ncha za mabawa, wekundu utosini. Mtoto wao hakuwa mweupe bado. Makinda ya korongo wale huanza na rangi ya mdalasini, kwa hiyo wakamwita Dalasini.

Kila mmoja wao alikuwa na jina lake, lakini kabila lao lilikuwa halina. Ndege wengine walikuwa wamekwisha kupata majina ya kabila, huyu kwa rangi yake, yule kwa mlo wake. Majirani zao, korongo wa kijivu, waliitwa Korongo wa Vilima vya Mchanga, kwa sababu safarini hutua katika nchi ya vilima vya mchanga, maelfu kwa maelfu, wakapumzika. Lakini korongo weupe waliitwa wale, basi. Wale wamekuja. Wale wamekwenda.

Nchi ile ina baridi. Msimu mmoja wa mwaka maji yake hugeuka magumu kama jiwe, hata mnyama mzito akatembea juu ya ziwa asizame. Kabla ya msimu huo korongo hufunga safari kwenda kusini, kwenye pwani yenye joto na kaa wengi. Baridi ikipita hurudi, kila mume na mke kwenye dimbwi lao. Na madimbwi yao yako mbalimbali, yamezungukwa na matete marefu, hata jirani hamwoni jirani. Humsikia tu.

Kwa hiyo walikuwa na desturi. Alfajiri mume huita mara moja, na mke hujibu mara mbili. Moja, kisha mbili. Hawakuita kwa nguvu. Ilikuwa sauti ya chini, kama ya mwenye nyumba anayekohoa kizingitini. Jirani akisikia moja na mbili, hujua kwamba wale wameamka wazima, akaendelea na kazi yake.

Na mmoja akifa, aliyebaki haachi kuita. Huita sehemu yake, kisha hunyamaza kwa muda ule ule ambao mwenzake angejibu. Kunyamaza huko walikuita pengo. Majirani wakisikia pengo, huacha chakula chao wakaja. Watani hutangulia, mashemeji hufuata. Na walikuwa na neno lao moja ambalo kila kinda alifundishwa kabla hajaota manyoya ya kurukia: pengo halizibwi.

Sasa, asubuhi ile, baada ya yale maneno ya matete, ukungu ulishuka. Tunu akanyoosha shingo akatazama ng'ambo ya dimbwi.

"Kuna konokono upande ule," akasema. "Sichelewi."

Akaingia majini. Sudi aliona miguu yake ikipotea, kisha mgongo wake, kisha ule wekundu wa utosi ukielea peke yake juu ya ukungu. Kisha haukuonekana tena. Mtoto alikuwa amelala juu ya yale matete yaliyolazwa vibaya, kwa hiyo Sudi hakuyagusa.

Hakusikia ukelele. Hakusikia mabawa. Alisikia maji yakifungika, kama kinywa kinavyofungika baada ya kumeza.

Sudi alingoja. Alipochoka kungoja alikwenda upande ule. Alikuta konokono wengi, wamegandama kwenye mashina ya matete, hawajaguswa. Alikuta unyoya mmoja mweusi wa ncha ya bawa, umesimama wima juu ya maji kama umeshikwa kutoka chini. Alipouvuta, kilichoushika kilichelewa kidogo kuuachia.

Akarudi. Akauchomeka ule unyoya chini ya kiota, mahali ambapo mtoto hawezi kuuona.

"Mama yuko wapi?" Dalasini akauliza.

"Anatafuta konokono," Sudi akajibu.

Sudi alijua kwamba mkewe amekufa. Alijua pia desturi. Lakini alikumbuka jambo moja la utotoni mwake. Katika dimbwi la jirani yao alikuwako mume aliyefiwa na mke, na siku moja mashemeji walikuja. Sudi mdogo alichungulia kati ya matete akawaona wakiruka kwenda zao, na mtoto wa yule mfiwa katikati yao. Baba mtu hakuwa nao. Tangu hapo Sudi aliamini kwamba ukiacha pengo, mashemeji husikia, na wakisikia, huja kuchukua mtoto. Tunu alikuwa na dada mkubwa, Sikudhani, mwenye sauti ya amri na mabawa mapana. Angemchukua Dalasini asubuhi, na kufika jioni wangekuwa mbali.

Sudi akajiambia: mke nimempoteza, mtoto simtoi.

Alfajiri iliyofuata akaita mara moja, kama siku zote. Kisha akainamisha shingo, akaifinya sauti iwe nyembamba kama ya Tunu, akajijibu mwenyewe mara mbili.

Majirani walisikia moja na mbili. Wakaendelea na kazi zao.

Pengo halizibwi, na Sudi aliliziba.

Siku hiyo alikuja Bi Mchanga. Huyu alikuwa korongo wa kijivu, mtani wa weupe tangu babu na babu. Mtani mnamjua. Siku ya furaha hukukopa asikulipe, siku ya msiba huja kukucheka mbele ya maiti yako, na huwezi kumkasirikia. Bi Mchanga alikuwa amejipaka tope mgongo mzima, maana kwao tope ndilo manukato. Aliingia bila hodi.

"Enyi watu wa chokaa, mbona mmejifungia? Tunu yuko wapi, aje aombe tope la kujipaka, afanane na ndege?"

"Yuko upande ule," Sudi akasema. "Anatafuta konokono."

"Basi nikamsaidie kuwala."

Akainua mguu kuingia majini. Sudi akasimama mbele yake, akatandaza mabawa. Hilo halifanywi kwa mtani. Bi Mchanga alimtazama usoni, akatazama kiota, akamtazama tena.

"Mtani," akasema polepole, "umekula leo?"

Sudi akajibu kwamba amekula, ingawa hakuwa ameonja kitu. Bi Mchanga akaondoka bila kutania tena, na mtani akiondoka bila kutania, jueni kuna jambo.

Alfajiri iliyofuata ukungu ulikuwa mzito zaidi. Sudi akaita mara moja. Akainamisha shingo ili ajijibu.

Kabla hajafungua mdomo, alijibiwa.

Mara mbili. Kutoka kule nyuma ya matete, upande ule wa konokono. Ilikuwa sauti ya Tunu, na kule kukwama kidogo mwishoni kulikokuwa kwake tangu usichana.

Sudi aliingiwa na hofu, na chini ya hofu ilikuwapo furaha, na ile furaha ndiyo iliyomtia aibu. Alisimama bila kutikisika. Dalasini aliamka akasema, "Mama."

"Lala," Sudi akamwambia.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa akisikiliza. Vyura walikuwa wamenyamaza. Wadudu walikuwa wamenyamaza. Na jambo moja lilianza kumtambaa mgongoni: ile sauti ilitoka chini, sawa na uso wa maji. Koo la korongo haliko chini hivyo. Korongo akiita huinua mdomo juu mbinguni.

Jua lilipopanda, Panya-Maji alipita akiogelea. Huyu alikuwa na nyumba yake ya matete jirani, mlango wake uko chini ya maji, na mahali hapo alizaliwa yeye na baba yake. Alikuwa na mkewe na watoto, wote wameuma vijiti vya nyumba yao midomoni.

Sudi akamuuliza wanahamia wapi.

Panya-Maji alitema kijiti chake ili aweze kusema. "Popote, bwana. Mkeo anaitia chini ya maji. Nasi tunakaa chini ya maji. Tumemwona anayeita."

"Umeona nini?"

Panya-Maji aliwatazama watoto wake, akatazama lile dimbwi. Akauma tena kijiti chake, akaogelea.

Je, Sudi alimchukua mtoto akahama? Hakuhama. Dalasini hakuwa na manyoya ya kuruka. Kutoka pale kiotani njia zote zilipita majini, na sasa Sudi aliyaogopa maji. Tena, niseme kweli, usiku ulipoingia alijikuta anaingoja alfajiri. Alijiambia kwamba hataita. Ilipopambazuka akaita.

Alijibiwa mara mbili. Safari hii sauti ilikuwa katikati ya dimbwi.

Kisha ikasema, kwa utulivu, kama mke anayesema na watu wa nyumbani kwake: "Kuna konokono upande ule."

Dalasini akasimama ukingoni mwa kiota. "Mama anasema kuna konokono."

"Nimesikia."

"Twende."

"Baadaye."

"Sichelewi," ikasema sauti.

Sudi alimkalia mtoto, akamfunika kwa mabawa, akamkalia mpaka jua likaula ukungu wote na dimbwi likaonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yalikuwa matupu. Hayakuwa na hata kiwimbi kimoja.

Jioni Bi Mchanga akaja tena. Hakuingia. Alisimama mbali, penye ardhi ngumu, na lile tope la mgongoni mwake lilikuwa limekauka na kupasuka, maana hakuwa amejipaka upya. Akamwambia Sudi kwamba amekuja kuuliza neno moja tu, kisha atakwenda zake.

"Uliza."

"Mtani, kila kiumbe akiita mara mbili huvuta pumzi katikati. Nimemsikiliza mkeo asubuhi mbili. Mbona havuti pumzi?"

Sudi alilikwepa swali. Alisema kwamba nyumba yake haiwahusu watu wa matope. Alisema aende kwao kwenye vilima vyake, akajigaragaze huko. Hayo si matusi kati ya watani, lakini aliyasema bila utani, na wote wawili walilisikia hilo.

Bi Mchanga akajibu, "Nitalala pale penye nyasi fupi, si mbali. Ukinihitaji, piga yowe."

"Sisi weupe hatupigi yowe. Hatuna desturi hiyo."

"Najua," akasema Bi Mchanga. "Mnakohoakohoa mlangoni, mnafikiri dunia nzima imesikia."

Akaenda.

Ukungu ulishuka kabla ya alfajiri, mzito kuliko wote uliotangulia. Sudi hakuweza kuiona ncha ya mdomo wake mwenyewe. Lakini safari hii alikuwa ameamua. Hatafungua mdomo. Asipoita, hakuna wa kumjibu. Akamkumbatia mtoto, akafunga mdomo, akangoja jua.

Kulipoanza kupambazuka, mtu akaita mara moja.

Ilikuwa sauti yake. Sauti ya Sudi, ikitoka kwenye maji, hatua chache mbele ya kiota. Ikaita mara moja, ikanyamaza. Kisha papo hapo, mahali pale pale, sauti ya Tunu ikajibu mara mbili. Moja, kisha mbili. Na majirani kote mabwawani wakasikia, wakaendelea na kazi zao.

Hapo Sudi alielewa kwamba hahitajiki tena. Kile kitu kilikuwa na nyumba kamili. Kilibakisha mtoto tu.

"Kuna konokono," sauti ya Tunu ikasema.

Dalasini alipenya chini ya bawa la baba yake. Alikuwa mdogo, mwenye kuteleza, na alikuwa na njaa, maana baba aliyekaa kulinda hakuwa amekwenda kutafuta chakula. Sudi alisikia maji yakichezwa na miguu midogo. Alitaka kumkamata, lakini miguu yake mwenyewe haikuinuka. Hofu ilikuwa imeishika, kama kile kitu kilivyoushika ule unyoya.

Ukungu ukajipasua kidogo, akakiona.

Kilikuwa kirefu kama Tunu. Kilikuwa cheupe, lakini weupe wake ulikuwa ule ule wa ukungu, ukiutazama sana unaona matete nyuma yake. Shingo yake ilipinda mbele kama ya korongo, kisha ikapinda nyuma, mahali ambapo shingo haipindi. Utosini palikuwa na wekundu, umewekwa upande. Macho ya Tunu yalikuwa ya manjano. Hapa, mahali pa macho, palikuwa na maji tu.

Mtoto alikuwa kati yao, maji yakimfika kifuani, anakwenda.

Sudi akapata sauti. Akaita kile kitu kwa jina la mkewe, akakiuliza swali moja.

"Tunu. Matete niyalaze vipi?"

Kikageuza shingo.

"Kuna konokono upande ule," kikasema.

"Matete, mke wangu. Ncha zitazame wapi?"

"Umesema hivyo jana," kikasema. "Sichelewi. Kuna konokono. Sichelewi."

Hakikuwa na neno jingine. Kilikuwa na yale ya mwisho tu, yale aliyoyasema asubuhi ile, na zaidi ya hayo hakikujua kitu. Tunu, aliyekuwa na neno kwa kila tete la kiota kile, hakuwamo ndani yake.

Na Sudi akajua pia kwamba yeye ndiye aliyekifungulia mlango. Palikuwa na nafasi iliyoachwa na Tunu, na yeye alikataa kuiacha wazi. Nafasi isiyoachwa wazi huingiwa.

Sasa sikilizeni. Koo la korongo mweupe ni refu kuliko linavyoonekana. Limeingia kifuani, likajizungusha ndani ya mfupa wa kidari, kama baragumu lililokunjwa. Tangu dunia iumbwe walikuwa wakilitumia kukohoa mlangoni. Hakuna aliyewahi kulipuliza lote.

Sudi akainua mdomo juu mbinguni. Akavuta pumzi mpaka kidari kikauma.

"Tunu amekufa!"

Kisha hapakuwa na maneno tena. Yowe lilitoka lenyewe, likapasua ukungu, likavuka matete, likavuka dimbwi la kwanza na la pili na yote yaliyofuata, likaenda mpaka kule ambako misitu huanza. Wenyeji wanasema paa waliokuwa wakinywa maji waliinua vichwa. Samaki walizama. Akapiga tena. Akapiga tena.

Na kile kitu kilifungua mdomo kijibu, hakikupata sauti. Kikafungua tena, ikatoka hewa baridi. Wote mabwawani walikuwa wamekwisha kusikia kwamba Tunu amekufa. Pengo lilikuwa limerudi mahali pake, na kwa kuwa lilijulikana kuwa ni pengo, halikuwa na nafasi ya mgeni. Kikaanza kupungua kutoka juu kwenda chini, kwanza wekundu, kisha shingo, kisha weupe. Lakini chini ya maji kitu kilikuwa bado kinakwenda kwa mtoto, na maji yakaanza kufunguka.

Miguu ya Sudi ikainuka. Alimfikia Dalasini, akambana shingoni kwa mdomo, akamvuta. Upande wa pili kulikuwa na mvuto. Akavuta. Alipambana na maji kwa mabawa na miguu, huku hawezi kupiga yowe tena maana mdomo umemshika mtoto.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Mchanga. Alitua majini bila kuuliza, akakanyaga pale yalipokuwa yakifunguka, akakanyaga kwa kucha na kwa matusi, matusi ambayo sitayasema mbele ya watoto. Kisha wakaja weupe, wawili wawili, kutoka kila dimbwi, wakitua kwa kishindo. Wakakanyaga maji mpaka yakawa tope, mpaka ukungu ukaisha, mpaka jua likapiga chini kabisa ya dimbwi na wote wakaona kwamba hakuna kitu.

Dalasini alikuwa kiotani, amelowa, anatetemeka, mzima.

Wakaketi matanga. Sudi alisimama pembeni ya mtoto, na mwili wote ulimwambia kwamba sasa ndipo atakapompoteza, maana Sikudhani, dada yake Tunu, alikuwa akija moja kwa moja kwake, mabawa yake mapana bado hayajakunjika. Sudi akawahi kusema. Alimwomba shemeji yake asimchukue mtoto. Alimweleza alichokiona utotoni, yule mfiwa, na mashemeji wakiondoka na mtoto bila baba mtu, na kwamba kwa hofu hiyo alijijibu mwenyewe ili lisisikike pengo.

Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo, shemeji. Nilikuwa miongoni mwao," akasema. "Yule baba hakuacha pengo. Alijijibu mwenyewe, kama wewe. Tulipokuja, tulikuja kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza kabisa. Tulimkuta mtoto peke yake kiotani."

Sikudhani akamtazama Dalasini, akaendelea.

"Nani aliyekwambia huwa tunakuja kuchukua? Mtoto hulala kati ya wawili. Mmoja hayupo. Tunakuja kulala upande wake."

Akakunja mabawa, akaketi upande wa pili wa Dalasini.

Bi Mchanga sasa akaianza kazi yake. Alichota tope akampaka Sudi mgongo mzima, akisema leo na yeye anukie. Akatangaza kwamba dimbwi hili amelirithi, na mjane huyu wa kiume atamfulia na kumpikia. Akapanda kiotani ajilaze kama mwenye mali, na mara akaruka juu, ameshika tumbo.

"Lo, nimechomwa! Nani aliyelaza matete haya? Ncha zote juu, kama mtego wa kunguru! Marehemu alikuwa mvumilivu jamani, mimi ningekuacha mwaka wa kwanza."

Sudi akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa yake, kikaenda mbali kidogo, kisha kikageuka kuwa kitu kingine, na hakuna aliyemzuia.

Kufika jioni ndege walikuwa bado wanawasili kutoka nchi za mbali, mabata na membe na wengine wasiojua hata njia ya bwawa lile, wakiuliza ni nani aliyepiga lile yowe. Bi Mchanga akawajibu kwamba ni korongo mweupe, huyu hapa, mpiga yowe. Nao walioondoka walikwenda nalo jina hilo, Korongo Mpiga Yowe, na ndilo kabila zima linaloitwa mpaka leo. Ukipita nchi ile alfajiri utawasikia kutoka mbali sana. Hawakohoi tena mlangoni.

Kile kitu hawakukipa jina. Walikubaliana hivyo. Chenye jina huitwa, na kinachoitwa huja.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mwepesi. Sudi aliingia majini, akasimama mahali pake pa siku zote, akainua mdomo. Akaita mara moja, kwa koo lote.

Kisha akanyamaza kwa muda wa sauti mbili. Chura mmoja aliyekuwa ameanza kulia aliacha katikati. Kote mabwawani hakuna aliyekohoa, hakuna aliyetikisa tete. Pengo lilikuwa kubwa, na lilikuwa tupu, na hakuna kilichojibu.

Lilipokwisha, Sudi alirudi kiotani. Akamsogeza mtoto polepole upande wa Sikudhani bila kumwamsha. Akalitoa tete moja, akaligeuza, akalilaza ncha ikitazama chini. Akatoa la pili. Chini yake akaukuta ule unyoya mweusi, akauacha hapo hapo. Akaendelea mpaka yote yakawa yamelala kama alivyoambiwa.

Hadithi yangu imetua hapo, imekunja mabawa. Fungueni mlango.